Gitaa Lililofukizwa Udi

Nyumba niliyoolewa ilikuwa na vyumba viwili, kitanda cha kamba, mtungi wa maji na gitaa. Gitaa lilitundikwa ukutani kwa msumari, uso umeelekea kitandani, na asubuhi ya kwanza nilipofumbua macho niliona hilo kabla ya kumwona mume wangu. Nikacheka peke yangu ndani ya shuka. Sauti yake nilikuwa naijua miaka miwili. Sura yake ndiyo kwanza naiona.

Ngoja nieleze, maana watu wa kwetu husikia nusu wakatoka nayo mbio. Kabla ya kuolewa nilikaa kwa shangazi yangu Msambweni, nikijifunza kushona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vidogo. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni yupo bado, na binti wa watu hakuwa na ruhusa ya kuranda ovyo. Mimi na sindano yangu tulishinda uani, makuti kila upande. Kila alasiri, shangazi akishajinyoosha mkekani, gitaa lilianza upande wa pili wa ua. Lilikuwa na wimbo mmoja tu, hauna maneno. Ulishuka, ukapanda, ukafika mahali ukageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukarudi ulikotoka. Nyuma yake palikuwa na chupa inayogongwa kwa chuma, ti-ti, ti-ti, taratibu, wala sikuitilia maanani. Nani husikiliza chupa?

Sijui niseme vipi hali ile. Macho yalikuwa wazi na sindano inakwenda, lakini mwenyewe sikuwapo. Joto lilikuwa limetulia juu ya ua, kuku wamelala mchangani, na sauti ile inapita ndani ya makuti hadi kwenye vidole vyangu. Gitaa likinyamaza nilishtuka nikakuta safu nzima ya vito imekwisha, nzuri kuliko zote nilizoshona kwa akili zangu timamu. Nilimpenda aliyekuwa akilipiga. Sikumwona, sikumjua, na nilimpenda. Leo ni mzee na sioni haya kuyasema.

Nyumba ile ya jirani walikaa ndugu wawili na mama yao. Mama akafariki, Mungu amrehemu, na mwaka uliofuata ikaja posa kutoka nyumba hiyo hiyo. Nikamwuliza shangazi, “Ndiye wa gitaa?”

Shangazi alikuwa anachambua mchele. “Gitaa si liko kwao?” akasema. “Unataka nini zaidi?”

Basi nikakubali. Harusi ikafanyika, nikapelekwa Diani, ambako mume wangu alifanya kazi katika shamba la minazi, akifua nazi na kukausha mbata. Kaka yake mkubwa hata harusini hakuwapo. Alikuwa amekwisha kuondoka na malori ya ng'ombe, leo yuko Samburu, kesho Mackinnon Road.

Siku ya tatu ya fungate nikapata ulimi. Nikamwambia, “Bwana, mimi nilikuwa nakusikia.”

“Ukinisikia wapi?”

“Kule kwa shangazi. Gitaa. Kila alasiri.”

Aliliangalia gitaa, akaniangalia mimi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na haya nyingi. Akatabasamu kidogo, akasema, “Ehe.”

Neno hilo moja ndilo lililotutesa mwaka mzima.

Fungate ikaisha, mwezi ukaisha, gitaa haliteremki msumarini. Nikawa nalitazama na lenyewe linanitazama. Akirudi kazini nampa maji, nampa chakula, halafu nakaa na kofia yangu nangojea. Anasali alasiri, anakaa kibarazani, anachonga mpini wa shoka. Siku moja nikamwambia wazi, “Hebu nipigie ule wimbo.”

“Linanuka kuvu,” akasema. “Masika yameliharibu. Siwezi kulikumbatia hivyo.”

Nikalinusa. Wallahi, lilikuwa linanuka. Sasa mimi mwanamke wa pwani, nikiambiwa kitu kinanuka nafanya nini? Nguo ya mume ikiwa na harufu unaitandaza juu ya tenga, chini yake unaweka chetezo chenye makaa, unatia udi. Kanzu ikitoka hapo hata malaika angeivaa. Basi siku iliyofuata, yeye yuko shambani, nikaliteremsha gitaa, nikalilaza juu ya tenga kifudifudi, nikalifunika kanga mbili ili moshi usitoroke, nikatia udi niliopewa harusini. Wote! Nikaketi kando nimefumba macho. Chumba kikawa cheupe kwa moshi, na mimi ndani yake najiona niko Msambweni, alasiri, wimbo unakaribia pale unapogeuka.

Likalia *pwaa!* Nikadhani mtu amevunja dirisha. Nikafunua kanga: daraja, kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi, kimebanduka chote, nyuzi zimejikunja ovyo juu kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini. Yarabi! Nililia kwa sauti hadi jirani akabisha hodi kuuliza nani amekufa.

Mume wangu aliporudi nilikuwa nimekaa chini, gitaa mapajani, macho mekundu. Nikangojea anitukane. Alisimama mlangoni, akaliona, akashusha pumzi ndefu.

“Basi tena,” akasema kwa upole kabisa. “Usilie, mke wangu. Ni kitu tu.”

Upole ule uliniumiza kuliko tusi. Nikasema moyoni: maskini, amevunjika moyo hata hasira zimemwisha. Usiku ule nilitia nia. Nilikuwa nimeolewa kwa ajili ya sauti ile na nimeiua kwa mikono yangu. Nitairudisha, hata kama nitazeeka nikiitafuta.

Njia panda ya Ukunda palikuwa na seremala mzee, mtengeneza vitanda na milango. Nikavaa buibui, nikamchukua jirani tukaongozana, gitaa nimelifunga ndani ya kanga.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea mtoto?” Akalifunua, akalinusa, akanusa tena. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo. “Nimeona magitaa yaliyoliwa na mchwa, nimeona yaliyokaliwa na watu wanene. La kufukizwa, la bibi harusi, hili ndilo la kwanza!”

Nilikasirika, lakini nilikuwa na shida, na mwenye shida hununa ndani. Akishamaliza kucheka akanifundisha. Akanionyesha sherisi, gundi ya maseremala, inavyochemshwa koponi. “Hii ni ngozi ya ng'ombe tu,” akasema. “Ukiipa moto inarudi kuwa uji. Umeipa moto huku nyuzi zinavuta, ulitaka ifanyeje?” Akapaka, akalibana daraja kwa mbao, akaniambia niliache hivyo siku mbili, nisiliguse wala nisilionee huruma.

Siku ya tatu nyuzi zikarudi mahali pake. Nikampelekea mume wangu kibarazani. Akaugusa uzi mmoja, akanirudishia gitaa haraka.

“Nyuzi ziko juu sana,” akasema. “Na mkono wangu wa kushoto uliteguka nilipoanguka mnazini. Siwezi kuzikandamiza.”

“Ulianguka lini?”

“Zamani.”

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nikajaribu mwenyewe kubonyeza uzi, na kweli, ulikuwa umekaa juu ya shingo kama kamba ya kuanikia nguo, ukiubonyeza unakukata. Tukarudi kwa seremala. Akaliweka jichoni, akatazama shingo kwa urefu kama atazamavyo boriti. “Shingo imeinama mbele,” akasema. “Una pasi nyumbani?”

“Pasi ya makaa?”

“Hiyo hiyo. Moto wako ulilikosea kwa kuwa ulienda kiholela. Sasa utaupeleka pale tu unapotakiwa.”

Kazi hiyo nilifanya uani kwangu asubuhi moja ya baridi ya kusi, na sijapata kufanya kazi nikawa mtulivu vile. Niliondoa nyuzi zote. Nikatandika juu ya shingo kitambaa cha maji kilichokamuliwa sana, nikapitisha pasi polepole, mbele na nyuma, kama napiga pasi kanzu ya Idi. Mvuke ukapanda unanukia udi. Nilipogusa mgongo wa shingo nikahisi joto limefika, nikaweka ubao ulionyooka juu yake, vijiti viwili kwenye ncha, nikafunga katikati kwa kamba ya makumbi nikaivuta mpaka meno yakauma. Siku tatu. Nilipofungua na kuliweka jichoni kama nilivyofundishwa, shingo ilikuwa imenyooka.

Halafu nikapunguza daraja kwa ngozi kavu ya samaki taa, ile wavuvi wanayosugulia mbao, kidogo kidogo, nafuta vumbi, napima. Kipimo changu kilikuwa sindano. Sindano ya kofia ipite chini ya uzi bila kugusa. Sindano ya gunia isipite. Hakuna aliyenifundisha hilo, ni langu mwenyewe, na mpaka leo sijaona kipimo kinachokishinda.

Nikamwambia mume wangu, “Tayari. Hata mtoto anaweza kubonyeza.”

Alilishika, akatekenya uzi kwa kidole gumba. “Sauti imekufa,” akasema, jasho limemtoka juu ya mdomo. “Sikia. Kama linalia ndani ya mto wa kulalia.”

Na kweli ilikuwa imefifia! Kila udhuru aliotoa ulikuwa wa kweli, hilo ndilo lililonipumbaza. Nikachungulia ndani ya tundu kwa kioo cha mkononi nikaona nyumba ya nyigu, donge la udongo kubwa kama yai limeganda upande wa ndani wa kifua chake. Nikalibandua kwa mwiko wa sufuria vipande vipande, nikaligeuza gitaa, nikalitikisa, udongo ukamwagika. Nikapiga uzi mnene. Lo! Sauti ilitoka ikajaa chumba, ikagonga kuta, ikanirudia tumboni. Nikakaa kitandani nimeshika mdomo.

Kuanzia hapo nikawa nalijaribu kila mchana, kazi zikiisha. Uzi wa kwanza ulikuwa na kutu. Seremala alinipa kipande cha waya wa breki ya baiskeli, nikafumua ule mwembamba mmoja kwa kucha, nikaufunga. Nikajifunza kwamba kidole kikikaa juu ya kile chuma chembamba kinachokatiza shingo sauti inaziba, kikikaa mbali inakwaruza, kikikaa nyuma yake tu, karibu kugusa, huhitaji nguvu hata za kuua mbu. Nikajifunza kwamba ukichezea karibu na tundu sauti inalainika, karibu na daraja inakuwa kali. Na kwa kuwa huwezi kulijaribu gitaa bila kupiga kitu, nilipiga kitu pekee nilichokijua. Leo zile sauti mbili za mwanzo, kesho pale wimbo unaposhuka. Vidole vya kushona kofia vina subira na vina sugu. Sikuwa napiga, mimi nilikuwa napima tu, na ungeniambia napiga ningekukatalia kwa kiapo.

Siku ikafika nikakosa la kutengeneza. Alasiri, amekwisha kusali, nikashindika mlango, nikamketisha kitandani, nikamwekea gitaa mapajani.

“Halinuki,” nikasema. “Nyuzi ziko chini. Shingo imenyooka. Sauti unaijua. Sasa nipigie ule wimbo, kwa hisani yako.”

Alilishika kama anavyoshikishwa mwanamume mtoto mchanga wa mwenziwe. Vidole vyake vikaenda huku, vikaenda kule, havijui pa kukaa.

“Sijui kupiga,” akasema.

“Ni mkono?”

“Mkono mzima. Sijui. Sijapata kujua.” Hakuniangalia. “Aliyekuwa anapiga ni kaka yangu. Aliniachia nimtunzie, vumbi la bara lingelipasua. Uliponiambia ulikuwa unanisikia, nilitaka kusema. Ulikuwa unanitazama kwa namna ambayo sijapata kutazamwa na mtu. Nikaogopa utaacha.”

“Na wewe siku zile ulikuwa wapi?”

“Nilikuwepo,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa nagonga chupa.”

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, nina wajukuu. Niliona nimefanywa mjinga na watu watatu: yeye, kaka yake, na shangazi na mchele wake. Mwaka mzima nimeunguza vidole kwa pasi na gundi nikimhurumia mkono usio na ugonjwa. Siku mbili tulisalimiana tu. Siku ya tatu nikatia kofia zangu kwenye kikapu, na nguo zangu juu yake, nikakiweka karibu na mlango. Basi la Msambweni lingepita kesho yake asubuhi. Alikiona kikapu, akasimama, akaenda kazini.

Alasiri hiyo nyumba ilikuwa kimya na joto limekaa ndani yake. Sikuwa na kofia ya kushona, zote zimo kikapuni. Mikono isiyo na kazi hufuata mazoea yake: nikajikuta nimeliteremsha gitaa kutazama kama shingo imesogea. Nikaupima uzi. Nikapima wa pili. Nikafumba macho nisione kikapu, na vidole vikaanza kutembea vyenyewe, vikashuka, vikapanda. Nilipofika pale wimbo unapogeuka, pale ambapo siku zote nilikuwa nasimama kwa kutojua kinachofuata, sikusimama. Ukageuka, ukarudi ulikotoka. Nikawa niko chini ya makuti ya shangazi, lakini safari hii sauti haiji kutoka upande wa pili. Inatoka kifuani kwangu. Nilikuwa naisikia kwenye mbavu.

Bado ulikuwa na upungufu. Ulikuwa unakwenda kama mtu anayetembea bila kugusa ardhi. Nikajiuliza nimekosea wapi, nikaurudia, na nikasikia nje uani: ti-ti, ti-ti.

Vidole vikasimama. Chupa ikasimama.

Nikapiga tena sehemu ile ya mwanzo, polepole. Ikarudi, ti-ti, ti-ti, nyuma yangu kidogo tu, haiharakishi, hainipiti. Wimbo ukakanyaga chini. Machozi yakanitoka bila ruhusa yangu, na nikakumbuka yale yote ya Msambweni kwa mara ya kwanza sawasawa: siku ambazo gitaa lilikosea, likasita, likatafuta njia, na chupa ikabaki palepale inalingojea. Mimi nilikuwa nashona kwa mwendo wa chupa. Safu zile zote za vito, mchomo kwa mchomo.

“Ingia ndani,” nikasema. “Jua litakuumiza kichwa.”

Akaingia na chupa yake ya soda na msumari, akaketi chini karibu na kikapu, si kitandani, hakuthubutu. Tukapiga wimbo ule mpaka adhana ya magharibi. Kisha nikatoa kofia moja kikapuni, iliyokuwa haijakwisha, nikaitundika kwenye msumari wa gitaa.

Kesho yake asubuhi, basi limekwisha kupita na mimi nafagia uani, nilimsikia jirani akimsimamisha njiani upande wa pili wa makuti. “Hongera, jirani!” akamwambia. “Jana tumekusikia. Kumbe mkono umepona?”

Nikaacha ufagio nisikie atasema nini.

“Alhamdulillahi,” akasema mume wangu. “Mke wangu ameutengeneza.”

Miaka yote iliyofuata watu wa Diani walimsifu kwa gitaa lile, na yeye hakuongopa hata mara moja: akiulizwa nani anapiga, husema, “Mimi na bibi.” Wao hucheka, wakidhani anatania. Mimi niko nyuma ya ua, naukaza uzi wa kwanza, maana wa breki ya baiskeli hushuka upesi.